Theluji Haimjui Mkubwa

Siku ile naikumbuka kila mnaponiudhi, wanangu, na mnaniudhi kweli. Tulikuwa vijana wanne wa kiwanda kimoja hapa Saltley, tukaenda milima ya Skotlandi kutembea kwenye theluji. Mbele tukamweka Ami Haji. Kwa nini yeye? Kwa sababu ni mkubwa wetu. Ndiye aliyetusalisha, ndiye aliyegawa chapati (ngumu, tuseme ukweli), basi na njia tukampa. Mlima wenyewe alikuwa hajawahi kuuona!

Aliyeujua ni Abdi, Msomali wa Mombasa, mdogo kuliko sote, lakini alikwisha kuupanda. Tulipofika kwenye mteremko mkali akachimba shimo kwa sepetu, akatuonyesha: juu theluji ngumu iliyoshindiliwa na upepo, chini punje zisizoshikana, kama sukari.

"Ami, hapa tusipite. Hii ya juu itateleza yote."

"Wewe umeanza kunyoa lini, hata unifundishe njia?"

Tukacheka. Nami nikacheka, mpumbavu mimi. Papo hapo nikasikia theluji miguuni ikilia puu! kama gunia la mchele limetuliwa sakafuni. Sikumwambia mtu. Adabu, eti.

Ami hakufika mbali. Ufa ukapasuka juu yake, mteremko mzima ukashuka naye. Tukachimba, sisi kwa mikono, Abdi kwa sepetu, mpaka tukaona kofia, kisha uso umekuwa wa buluu. Akakohoa. "Mbona mmechelewa?"

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia, likavunjika la mkuu mwenyewe.

Sasa mjukuu wangu huyu anakwenda huko huko Jumamosi na wenzake, kiongozi wao eti yule aliyewazidi umri. Namuuliza habari za theluji, ananijibu, "It's fine, Babu, kuna nyayo za watu." Nyayo! Aliyepita jana alipita jana.

Mimi shule sikufika mbali, lakini hili nalijua. Soma taarifa ya theluji kabla hujafunga viatu. Uliza upepo umeilundika upande gani, uuepuke. Ikilia puu au ikipasuka miguuni, rudi, usingoje ruhusa. Beba sepetu, na kile kidude cha kumtafutia aliyefukiwa. Na mkubwa akikosea mwambie, kwa adabu, lakini mwambie. Heshima si utumwa. Hata mimi niambie. Nitanuna, kisha nitasikia.

Nenda, mjukuu wangu. Mungu akupe jicho la kuona na ulimi usioona haya, akurudishe mzima kwa mama yako. Amin.