Lami Kwenye Kengele

Zabron ni fundi rangi wa Mafinga, na ana ugomvi na kutu. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa atakuwa ameshakwangua bawaba ya mlango wako kwa ukucha na kukutazama kama mtu aliyekuta mtoto hajanawa. Huku kwetu ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, mabati na mageti hayakauki, kwa hiyo kazi hakosi. Wateja humwambia apake tu aondoke. Hapaki. Anasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo anafungua kopo.

"Ukipaka juu ya kutu umeifunika blanketi," husema. "Inaendelea kula, tena kwa raha zake."

Jumapili yeye ndiye mpiga kengele wa kanisa letu la Kilutheri kijijini. Kengele yenyewe ni rimu ya lori la magogo, inaning'inia kwa mnyororo kwenye mpaini nje ya kanisa na hugongwa kwa nyundo. Ilimlilia baba yake siku ya mazishi, na Zabron alimwahidi mama yake, Bibi Evarista, kwamba na yeye itamlilia hiyo hiyo. Ndiyo maana alipoona kutu inabanduka magamba karibu na tundu la mnyororo, usingizi ulimpaa.

Basi akaishusha, akaisugua, akaipaka rangi ya kuzuia kutu, halafu akaimalizia kwa ile lami nyeusi wanayopaka chini ya magari, tabaka nene, ndani na nje. Alituambia maji hayatapita hapo mpaka Yesu arudi. Wazee wa kanisa wakampongeza. Hakuna aliyefikiria kuigonga.

Jumapili akaigonga. Ikasema dub. Akaongeza nguvu, ikasema dub. Mbwa aliyelala chini ya mti hakuinua hata kichwa. Sisi wa kwaya tukatazama viatu vyetu. Mchungaji akasema tuingie tu, waliopo wanatosha.

Benchi la mbele lilikuwa na nafasi moja wazi. Bibi Evarista macho yamepungua, saa hatazami. Njia anaijua kwa miguu, na hutoka kwake ng'ambo ya bonde anaposikia kengele. Ibada ilipoisha Zabron aliteremka bondeni, nami nikamfuata. Tulimkuta kakaa kwenye kigoda mlangoni, kavaa kitenge chake cha kanisani, sadaka kaifunga kwenye ncha ya leso.

"Leo Jumapili imechelewa," alisema.

Zabron akamweleza yote: kutu, lami, na ile ahadi. Mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyotarajia. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ya mazishi yangu sitaisikia, mwanangu," alisema. "Mimi nataka hizi za Jumapili."

Wiki iliyofuata Zabron alikwangua lami kwa kisu, akafuta kwa petroli, na wateja wakasubiri. Sasa rimu iko wazi, haina rangi hata tone. Kila Jumamosi anaipitishia kitambaa chenye oili kidogo. Kutu inarudi taratibu pembeni, anaiona, anameza mate. Asubuhi anaigonga, halafu anabaki amesimama na nyundo mkononi, akitazama ng'ambo ya bonde mpaka mlango wa mama yake ufunguke.