Benchi la Juani

Asubuhi ile niliondoka mtaa wa Ramadhani bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimemaliza chai kibandani, baridi ya mwezi wa saba ikiuma masikio, lori la mbao likapunguza mwendo. Dereva akauliza, "Makambako?" Nikapanda. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la tano: gari likisimama, napanda.

Njiani tulipita shule ya msingi. Watoto walikaa wameegemea ukuta wa mashariki, wakiota jua, madaftari mapajani. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Hakuwa mtu wa fimbo. Darasa letu lilikuwa la baridi, na nje, ukutani, palikuwa na benchi moja. Aliyetulia na kusikiliza aliruhusiwa kwenda kusomea pale, juani. Mimi kutulia kulinishinda. Siku moja nikauliza kwa nini ukungu hulala bondeni, mlimani hapana. Mwalimu akanionyesha mlango.

"Swali zuri. Nenda kwenye benchi."

Tangu hapo kila swali zuri likanipeleka juani.

Wenzangu hawakupenda. "We, usijidai! Anakuonea huruma tu, huna sweta."

Kweli sikuwa na sweta. Nikatamani kumuuliza mwalimu: nilistahili, au alinihurumia? Niliuliza habari za vyura, za reli, za mvua ya mawe. Hilo sikuthubutu. Mwaka uliofuata akahamishwa. Aliyekuja baada yake alitaka tukunje mikono na kufunga midomo, na benchi likaingizwa ofisini.

Juu ya zile mbao nikakumbuka pia kwamba mtu aliwahi kuniambia mwalimu amestaafu, anakaa Makambako, nyuma ya soko. Mara ngapi nimepita mji ule nikibadilisha magari tu! Safari hii nilishuka nikiwa na swali langu.

Mama mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi akanionyesha nyumba. Mlango ulikuwa na kufuli, majani yameota kizingitini.

"Mwalimu? Binti yake alimchukua, yuko Mwanza. Umechelewa, baba."

"Nitamfuata huko."

"Utamfuata, lakini hatakujua. Kabla hajaondoka alishatusahau hata sisi majirani." Akaniangalia. "Alikufundisha?"

"Ndiyo."

"Mnakuja wengi," akasema, akarudi kwenye mahindi yake.

Nilizunguka sokoni mpaka jioni, sina pa kwenda, halafu nikapata nyumba ya wageni yenye ua mdogo. Mwenye nyumba alikuwa anasonga ugali. Alipoanza kunitajia bei nikamkatiza.

"Mama, asubuhi jua linapiga upande gani?"

"Makubwa! Wenzio huuliza kama kuna maji ya moto." Akacheka, akanyoosha mwiko kuelekea ukuta wa jikoni.

Barazani palikuwa na benchi. Nikaomba ruhusa, nikalibeba, nikaliweka chini ya ukuta ule. Kisha nikachukua ufunguo wa chumba.