Siku Wauza Vitenge Walitaka Kuvunja Mutuelle

Kuna Jumapili moja, mwanangu Mapendo, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Juzi ulisimama hapa mlangoni kwangu na tumbo lako mbele, ukaniambia unataka kutoka katika mutuelle, mfuko wetu wa kuchangiana matibabu, kwa sababu utaratibu mpya wa serikali umekuja na kuzaa sasa ni bure. "Mama Kavira," ukasema, "nalipa ya nini tena? Hii kitu yenu itakufa tu." Nikageuka nikaingia ndani. Ulidhani nimekasirika. Ndiyo, kidogo nilikasirika, unanijua. Lakini zaidi nilikuwa nakumbuka.

Wakati ule nilikuwa msichana wa rika lako, nauza vitenge sokoni Birere pamoja na mama yangu. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Bila sindano kila siku asingeishi, na sindano zile tusingeziweza peke yetu hata tungeuza vitenge mpaka tuchoke. Kilichomweka hai ni mutuelle ya wauza vitenge. Kila mwanachama alitoa mchango wake kila mwezi, na aliyeugua alitibiwa kwenye kituo cha afya cha parokia. Ni hii hii unayotaka kuiacha.

Kisha volkano ikashuka, ikapita katikati ya mji. Meza nyingi za wenzetu zilibaki chini ya mawe. Haukupita muda mrefu, mashirika yakaja na mahema, waganga wageni wa hospitali, makasha ya dawa, na kila kitu bure. Kuzaa bure, vidonda bure, malaria bure. Ee Mungu, tulishukuru! Usinielewe vibaya, kuna watu wengi mjini hapa walio hai kwa sababu ya yale mahema. Lakini niliposimama kwenye foleni na mama, muganga alinieleza kwa upole kwamba sukari haiko katika kazi yao. Wao walitibu ya haraka, basi.

Jumapili hiyo ninayokwambia, baada ya misa, wanachama tulikutana uani mwa kanisa. Wengi walitaka mutuelle ivunjwe, kilichobaki kigawanywe, kila mmoja akatengeneze meza yake. Siwalaumu. Nani hakuwa na shida?

Ila kulikuwa na kosa moja, na ni kosa letu sisi watu wa soko. Tumekulia katika likelemba. Unaijua: tunachanga, leo anakula huyu, kesho yule, mpaka kila mtu ale. Basi kichwani mwetu mutuelle nayo ilikuwa vile vile. Mwenye afya njema alijiona amerukwa zamu. Mwisho wa mwaka ungeona wanawake wenye nguvu kama ng'ombe wa Masisi wanaenda kituoni wameshika kiuno, "mgongo unaniuma, kichwa kinaniuma," ili na wao wale! Cheka tu. Lakini hivyo ndivyo tulivyokaribia kuiua mutuelle hata kabla ya volkano.

Siku ile akasimama Zawadi, muuzaji mwenzetu, kijana kama mimi, na sauti yake ya kuita wateja. "Miye nalipaka kila mwezi, sijakula hata mara moja. Sasa matibabu ni bure. Mugawanye, kila mutu aende kwake!"

Watu wakapiga makofi. Mama yangu alikuwa ameketi karibu nami. Alikunja pindo la kitenge chake magotini, akalikunjua, akalikunja tena. Niliogopa, mwanangu. Nilijua makofi yale yalikuwa yanamzika mama yangu.

Ndipo akainuka Mama Katungu, mwenyekiti wetu, mwanamke wa Butembo, mwembamba, mkali. Huyo hata jino halikuwahi kumuuma.

"Hata miye sijakula," akasema. "Tangu tuanze. Zawadi, unataka kula? Bon, sawa. Huyu mama hapa anakulaka kila siku. Kuja mubadilishane. Chukua sindano yake, na sukari yake pia."

Zawadi akaangalia chini.

"Hii si likelemba," Mama Katungu akaendelea, sasa polepole. "Hapa mwenye bahati ni ule asiyekula. Wageni wanazalisha, wanatibu vidonda. Tuwaachie, Mungu awabariki. Tuyatoe hayo katika mutuelle, mchango upungue. Sisi tubaki na yale hawatibu. Lakini wazima mukitoka wote, tutabaki wagonjwa watupu tunachangiana, na hiyo haifiki mbali."

Si wote waliokubali. Wengine waliondoka hapo hapo, tena kwa maneno makali. Zawadi alibaki. Alibaki amenuna, lakini alibaki, na mwezi uliofuata akalipa. Wazima wa kutosha walibaki, na mama yangu akapata sindano zake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniona naolewa. Alimpakata binti yangu Kavira, akamfundisha kutambua kitenge kizuri kwa vidole tu. Mama Katungu alifariki mzee sana, kitandani pake, na mutuelle haikuwahi kumlipia hata kidonge. Kwenye kilio nilimshika mkono mtoto wake nikamwambia: mama yako alimpa mama yangu miaka. Nililia kuliko wafiwa. Mpaka leo nikisali, jina lake linatangulia.

Sasa umeniuliza kama mutuelle itakufa. Sijui, mwanangu, mimi si nabii. Hatari naiona. Wasichana kama wewe mnatoka, wazee kama mimi tunabaki, na wazee tunaugua. Lakini nimeona ikipona mara moja, na najua ilichofanya. Ilisogea pembeni pale msaada ulipofika, ikabaki pale usipofika, na wazima hawakuikimbia.

Kwa hiyo nenda ukazae bure. Ni haki yako, na ushukuru. Mkutanoni nitasimama mwenyewe niseme uzazi utolewe katika mchango, ulipe kidogo. Ila usitoke. Pale kona ya njia yenu kuna Papa Kambale, fundi viatu, siku hizi naye ni mwanachama wetu, figo zake zimechoka. Ukimpita asubuhi, msalimie. Anaishi kwa sababu wewe hujaugua.

Mungu akupe mtoto wa afya, na nyumba isiyojua homa. Akujalie kulipa mpaka uwe na mvi kama hizi zangu, na usile hata siku moja.