Bluu na Njano za Bwana Kusaka

Bi Fusae Tokiwa hakuwa mtu wa kuamini watu. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda cha kufuma hariri pale Kiryu, Japani, kazi yake ilikuwa kupitisha macho juu ya vitambaa akitafuta uzi uliokosea. Mtu ukimpa kazi ya namna hiyo, usishangae akiona kasoro hata mahali zisipokuwepo. Alipostaafu alihamishia macho yale kwenye Sudoku, yale mafumbo ya namba moja hadi tisa zisizojirudia katika mstari, safu wala sanduku. Hakuzijaza tu, alizitunga kwa mkono, na kila Jumanne wazee walijaa ukumbi wa mtaa kupambana na fumbo lake. Heshima yake yote ya uzeeni ilikuwa hapo.

Kisha akaja Kusaka, mgane, fundi bomba mstaafu. Wenzake walishika penseli na kifutio. Yeye alitoa kalamu mbili nene, bluu na njano, akawa anapaka vijisanduku visivyo na namba. Fumbo la kuwatoa watu jasho saa nzima alilimaliza chai yake ya shayiri haijapoa.

Bi Fusae hakuupenda mchezo ule. Nani anatatua namba kwa kupaka rangi? Hicho kilikuwa kiini macho tu, cha kuficha kwamba jibu analo tayari. Na kila Jumatatu karatasi ya majibu ilikaa kwenye bahasha kwa Harumi, katibu wa ukumbi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akakumbuka Harumi alivyomwongezea Kusaka biskuti za mchele, tena mara mbili. Akamvuta Harumi jikoni.

"Huyu mganga wako wa rangi anapata wapi majibu?"

"Dada Fusae, nawe! Anachukua namba moja, tuseme nne. Mstari ukiwa na nafasi mbili tu za nne, moja anaipaka bluu, ya pili njano, anaendelea hivyo hivyo. Bluu mbili zikikutana mstari mmoja, basi bluu ni ya uongo."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Bi Fusae, na hakuwa anazungumzia namba.

Jumatatu iliyofuata hakupeleka bahasha. Alitunga fumbo gumu kuliko yote, akalihakiki, lina jibu moja tu. Lakini alipolitazama kwa mbali, namba mbili za kuanzia zilikosa wenzao upande wa pili, kama ua la kitambaa lililofumwa upande. Mtunzi anayejiheshimu hatoi fumbo la hivyo. Akazifuta zile mbili, ua likakaa sawa, akatia jibu mkobani.

Kesho yake, Jumanne, Kusaka alichelewa kumaliza. Alipaka, akasita, akamtazama Bi Fusae, akapaka tena. Moyo wa Bi Fusae ulicheza kwa furaha mbaya. Alipoletewa karatasi ya Kusaka aliilinganisha na yake, akakuta vijisanduku vinne havifanani. Akasimama mbele ya watu kumi na wanane, akatangaza kwamba leo Bwana Kusaka amekosea, na pengine ni kwa sababu leo bahasha haikuwepo. Kusaka aliinama, akaomba radhi kwa kuwapotezea muda, akavaa viatu mlangoni akaenda zake.

Nyumbani Bi Fusae alishika kalamu nyekundu ili azungushie kosa. Mstari wa kwanza, hakuna namba iliyojirudia. Wa pili, hakuna. Akamaliza mistari, safu na masanduku yote, asipate kitu. Ndipo alipotazama rangi. Katika vijisanduku vile vinne, bluu ilionyesha mahali pa namba nne katika jibu lake yeye, njano katika la Kusaka, na hakuna rangi iliyogombana na kitu chochote. Fumbo lilikuwa na majibu mawili. Namba alizozifuta ili ua likae sawa ndizo zilizokuwa zikilizuia jibu la pili. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alikwenda kwa Kusaka mchana ule ule, karatasi mkononi. Alimkuta akianika soksi.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza, bwana, nikakuvunjia heshima mbele ya watu?"

Kusaka alibana soksi ya mwisho kwenye kamba. "Ulikuwa umeshasimama, Bi Fusae. Ningekuketisha vipi?"

Bi Fusae alizitazama tena zile rangi. Akaikunja karatasi taratibu.

"Basi Jumanne usikose kuja," akasema. "Nitasimama tena, safari hii kwa kosa langu."