Mzazi na Mtoto kwenye Lebo za Ruvuma

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi ofisi ya maji, Mtwara mjini, nikitunza maelezo ya vijiji vya kando ya Ruvuma. Kompyuta yetu ilikuwa kongwe, kwa hiyo niliandika kwenye mafaili ya maandishi matupu, kila sehemu ya mto na faili lake. Juu ya faili niliweka lebo zilizopangwa kama ukoo, mzazi mbele, mtoto nyuma. Sehemu za kuchota maji zilikuwa #mto/kuchotea. Zile zilizohamwa kwa sababu ya mamba zilikuwa #mto/kuchotea/mamba. Ukimtafuta mzazi, watoto wote wanakuja naye.

Asubuhi moja nilikuta kompyuta imeachwa wazi. Mwenzangu mpya, mpima maji aliyetoka Dodoma, alikuwa ametafuta #mto/kuchotea, akachapisha majina ya sehemu zote zilizotokea, akaondoka na pikipiki kwenda Kitaya kuchukua sampuli. Majina matupu, bila lebo zake. Nilisoma ile orodha kwenye kioo, na jina la nne lilikuwa la sehemu iliyohamwa kwa sababu ya mamba.

Nikampigia. Hapatikani. Kule mtandao ulikuwa haujafika.

"Mzee, washa gari," nilimwambia dereva.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Twende Kitaya. Nitakwambia njiani."

Sikuweza kumwambia. Kila nilipofungua mdomo niliona mtu ameinama na chupa yake, mgongo wazi. Tulipita Mahurunga mzee akiendesha huku akinitazama pembeni, midomo yake ikisoma dua.

Pikipiki tuliikuta ukingoni, na kando yake viatu. Yeye hayupo.

Mama mmoja alikuwa akipalilia mpunga. Nilimfahamu, ndiye aliyenieleza habari za sehemu ile, ambako dada yake alichukuliwa akifua nguo.

"Shikamoo mama. Hujamwona kijana mwenye chupa?"

Alinyoosha jembe kuelekea kwenye matete. Kisha akaelewa uso wangu, akalitupa jembe, akatangulia kukimbia.

Kijana alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, akiandika kitu kwenye chupa.

"Toka!" nilipiga kelele. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Akageuka, akatabasamu. "Dada, na wewe umekuja? Bado kidogo tu."

"Mamba! Toka majini!"

Tabasamu likabaki usoni, miguu isisogee. Nyuma yake, mbali kidogo, maji yalipinda bila upepo. Huenda ulikuwa mkondo tu. Mpaka leo sijui. Mama aliingia matopeni, akamdaka mkono, akamvuta kwa nguvu hata wote wawili wakaanguka ukingoni.

"Lakini ipo kwenye orodha," kijana alisema, akijipangusa matope. "Ipo kwenye orodha, dada."

Kesho yake mimi na mwenzangu tulikaa mbele ya kompyuta, tukazitoa sehemu zile za mamba chini ya mzazi wao, faili moja baada ya jingine, tukazipa ukoo wao wenyewe: #hatari/mamba. Yeye alisoma, mimi nikaandika. Mara mbili nilikosea herufi, naye hakucheka.

Ila siku ile ukingoni, yule mama hakumwachia kijana mkono. Alimshika vilevile kupita mpunga wote, mpaka alipomwona ameketi ndani ya gari na mlango umefungwa.