Albamu ya Mwimbaji Mpya na Mwiko wa Kasokola

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili ukilisikia nusu utanielewa vibaya. Utasema mimi ni mwanamke mwenye kinyongo. Ni kweli nilikuwa nacho, na nilikilea vizuri, nikakilisha na kukinywesha kama mtu anavyofuga jogoo wa sikukuu. Lakini kilikuwa na sababu yake, na nitakueleza polepole, hata kama hujawahi kusikia muziki wa metali maishani mwako.

Tuanze na huo muziki. Metali ni magitaa ya umeme yanayokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye changarawe, ngoma zinazokimbia, na mwimbaji ambaye mara nyingi haimbi kama tulivyozoea, bali ananguruma. Usiogope. Anayeusikia mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimepeleka simu yangu kwa fundi mmoja karibu na stesheni ya reli hapa Mpanda, abadilishe kioo, na spika yake ilikuwa ikikoroma kwenye rafu. Nikamwambia, "Kaka, tengeneza kwanza hiyo ya kwako." Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Halafu akanieleza kila kilichokuwa kikisikika, chombo kimoja kimoja, na nilipoondoka simu yangu ilikuwa na kioo kipya na nyimbo nyingi za kelele. Baada ya wiki chache nilikuwa nikishona sare za shule huku nikitikisa kichwa.

Kumbe tulikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, tulikutana kwenye kibanda cha yule fundi: dereva wa bodaboda, mwalimu wa hesabu, mlinzi wa duka la mbolea, na wengine waliokuwa wakija na kupotea. Kila mtu alikuwa na kigoda chake. Changu kilikuwa kifupi, karibu na mlango. Tulisikiliza, tukabishana, tukarudi nyumbani masikio yakilia. Nilipapenda pale kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Bendi tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya nchi moja ya baridi, mbali sana na huku. Mwimbaji wao wa miaka yote aliacha kazi, wakamchukua mwanamke. Akatoa nao albamu, na hiyo albamu ikatugawa kama shoka linavyogawa gogo. Ilikuwa na nyimbo za taratibu. Ilikuwa na kinanda. Yule mwanamke alinguruma, ndiyo, lakini katikati ya wimbo aliacha kunguruma, akaimba kwa sauti safi, na nyuma yake wakaitikia wanawake wengine wengi.

Fundi aliichukia toka siku ya kwanza. Alisema bendi imekufa na waliobaki wanacheza na maiti. Dereva wa bodaboda akamuunga mkono. Mwalimu alisema tusubiri, albamu nyingine zinahitaji muda. Mimi nilisema ni albamu bora kuliko zote zilizotangulia, na nikaanza kueleza kwa nini, maana mimi sauti nazijua. Nimekulia Usevya, nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia tangu miguu yangu haijafika chini nikikaa kwenye benchi. Nikawaeleza kwamba mtu kunguruma, kisha akaingia kwenye sauti safi bila kupumua katikati, ni kazi ngumu kuliko kunguruma mwanzo hadi mwisho.

Fundi akanikatiza. "Hii siyo metali, ni kwaya ya Pasaka," akasema, na wote wakacheka, hata mwalimu. Kisha akanigeukia. "Na nyie wa kwaya lazima muipende. Dada, nyamaza. Wewe sikiliza tu."

Nilinyamaza. Jumapili iliyofuata nilikwenda kama kawaida nikakuta kigoda changu kimebebeshwa betri ya sola. Hakuna aliyeitoa. Fundi aliniangalia, akaangalia betri, akaendelea kulehemu. Nilisimama mlangoni wimbo mzima, kisha nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikipanga.

Nilitaka vitu viwili tu. Kigoda changu kirudi, na yeye anyamaze kama alivyoninyamazisha mimi, mbele za watu.

Sasa nikueleze kuhusu fundi, kwa sababu bila hilo hutaona nilivyomkamata. Ukoo wake ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, wakakaa Kasokola, nje kidogo ya mji. Baba yake mdogo ni mtu wa ngoma. Kila mwaka baada ya mavuno hufanyika mashindano, na taratibu zake ni rahisi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna majaji wenye kalamu. Watu wanahama wenyewe kwenda kwenye ngoma inayowavuta, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda. Na kwa kuwa watu kuhama ni jambo la ajabu kidogo, kila kikundi huaminiwa kina dawa yake. Mcheza ngoma asiye na dawa, kwa mawazo yao, ni kama mkulima aliyekwenda shambani bila jembe.

Basi nikarudi kibandani siku wamejaa wote, nikasimama palepale mlangoni. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kwao wanaamuaje ngoma ipi ni nzuri. Akajibu kwa kujigamba kwamba kwao hawabishani, wanapiga zote mbili na watu wanachagua. Nikasema, "Basi tupige. Wewe na mwimbaji wako wa zamani, mimi na huyu mpya. Kasokola, kwenye uwanja wa kwenu."

Wenzetu wakapiga miluzi. Angewezaje kukataa? Akakubali akicheka, akasema nikishindwa nisikanyage tena pale. Nikasema nikishinda kigoda changu kirudi na betri aibebe yeye.

Kilichofuata nakieleza kwa furaha ambayo mpaka leo haijapungua. Mpunga wa shangazi yangu kule Usevya ulikuwa umeanza kutoa masuke, na ndege walikuwa wameshaanza kuushambulia. Kama hujawahi kuamia ndege, ni hivi: unakaa kwenye kichanja katikati ya shamba, na kundi likishuka unapiga ukelele wa kulifukuza, kutwa nzima, mpaka jioni. Ukelele mwembamba hawausikii. Wanaogopa sauti nzito inayotoka tumboni. Nikiwa mtoto nilikuwa na ukelele uliosikika hadi shamba la tatu, lakini miaka ya cherehani ilikuwa imeulaza.

Kwa hiyo nilimwachia cherehani yangu mama anayeuza mchele jirani yangu sokoni. Aliponiuliza nakwenda wapi nikamwambia nakwenda kwetu Usevya kuchukua kitu, kwa ajili ya yale mashindano. Sikusema kitu gani. Yule mama ni mtu mwema, lakini neno likiingia kwake halilali. Kabla sijapanda gari nilijua kwamba mpaka kufika jioni, fundi atakuwa amesikia kwamba nimekwenda Mpimbwe, huko kwetu Usevya iliko, kuchukua dawa.

Mimi nilikwenda kuchukua sauti. Nilikaa kwenye kichanja cha shangazi simu ikiwa mfukoni, nikinguruma pamoja na yule mwanamke wa nchi ya baridi, na ndege wakiruka kama mchanga uliorushwa. Nikufundishe na wewe, maana ni jambo linalowezekana. Kunguruma hakutoki kooni. Ukitumia koo, kesho huna sauti. Kunatoka chini ya mbavu, pale unapojishika ukicheka sana. Vuta pumzi mpaka kiuno kitanuke, acha koo wazi kama unapiga mwayo, halafu isukume hewa kidogo kidogo. Mwanzoni utasikika kama mbuzi mwenye mafua. Usikate tamaa, wote tunaanzia hapo. Shangazi alisikiliza siku nzima, akasema shamba halijawahi kulindwa vile, akauliza nani amenikasirisha.

Siku ya mashindano nilifika Kasokola na spika ya mwalimu, aliyekuwa akijutia kile kicheko chake. Upande wa pili fundi alikuwa amefunga spika mbili kubwa. Nikamsalimia. Akanipungia mkono. Nikamsalimia tena, akafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo.

Dereva wa bodaboda akaja kunisogelea huku akijifanya anatazama nyaya. "Leo hasemi," akaninong'oneza. "Nilimpeleka mimi kwa mganga kule Kasekese. Amepewa kinga dhidi ya hicho kitu chako cha Usevya, na mwiko wake ni asitamke neno mpaka jua lizame. Tangu asubuhi hajamjibu hata mama yake."

Nilimgeuzia mgongo ili asiuone uso wangu. Mtu aliyeniambia ninyamaze alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake na kwa bodaboda, kufungwa mdomo.

Na angalia kosa lake lilivyokuwa kubwa. Ngoma haishindi kwa kelele peke yake. Inashinda kwa manju, yule kiongozi anayeita watu, anayewatania, anayejaza nafasi wimbo mmoja ukiisha na mwingine haujaanza. Fundi alijua hilo kuliko mimi. Lakini hofu ya dawa ilimfanya auze mdomo wake, ambao ndio ulikuwa silaha yake.

Mwanzoni watu walikuwa wote kwake. Spika zake zilitikisa vumbi, vijana wakaruka. Wimbo ukaisha, kukawa kimya. Mzee mmoja akamuuliza yule mzungu analia nini. Fundi akaonyesha sikio. Mwingine akamuuliza ni lugha gani. Fundi akazungusha mikono hewani. Watu wakaanza kumcheka, na wimbo wa pili ulipoanza walikuwa wakimwangalia yeye, siyo kuusikiliza.

Kwangu nilieleza. Kila wimbo kabla haujaanza niliwaambia unahusu nini, wapi magitaa yatakimbia, wapi mama huyu ataacha kunguruma, na kina mama waitikie wapi. Halafu nikashika kipaza sauti, nikanguruma naye. Watoto ndio waliohama kwanza. Kisha mwanamke mmoja aliyeolewa Kasokola kutoka kwetu akaitambua ile sauti, akasema kwa nguvu kwamba huu ni ukelele wa kuamia ndege, akaitikia kutoka hukohuko alikosimama. Wakafuata wengine. Pale wanawake wa ile albamu wanapoitikia, pale palipoitwa kwaya ya Pasaka, uwanja wa Kasokola uliitikia, wengi wao wakiwa hawajui neno hata moja.

Jua lilipogusa miti, upande wa fundi walibaki binamu zake wawili na ndama aliyefungwa kambani. Baba yake mdogo alitazama kushoto, akatazama kulia, akatikisa kichwa, akaniita mimi mshindi. Nilimtafuta fundi kwa macho mpaka nikampata, nikamwangalia kwa muda kama aliotumia yeye kuangalia ile betri.

Jua likazama. Nilimwona akisubiri hata mwanga wa mwisho utoke, ndipo akaja kwangu. Neno lake la kwanza siku hiyo lilikuwa hili: "Ulichukua nini Usevya?"

Badala ya kumjibu nilimuuliza swali moja lililokuwa likinikaa moyoni toka mwanzo. "Kaka, wimbo wa sita kwenye ile albamu unaanzaje?"

Akaangalia chini. Akasema hajui. Nikamuuliza wa tano. Hajui. Mwisho akatoa ukweli, taratibu, wenzetu wakisikia: alisikiliza nyimbo tatu za mwanzo, akakasirika, hakuifungua tena. Maneno yote yale, maiti na Pasaka na betri juu ya kigoda, yalitoka kwenye nyimbo tatu.

Hapo nikaona kwamba kushinda uwanjani hakujanitosha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kibandani. Fundi alikuwa ameishika betri mkononi, kigoda changu kilikuwa wazi, kimefutwa vumbi. Nikamwambia akikalie yeye. Ni kifupi, magoti yalimfika kidevuni. Mimi nikakaa kwenye kiti chake cha fundi, nikaunganisha simu yangu na spika yake, nikaanza wimbo wa kwanza. Ulipofika wa nne akafungua mdomo. Nikainua kidole. "Nyamaza," nikamwambia. "Wewe sikiliza tu." Wenzetu walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Alifungua mdomo tena kwenye wa saba, nikainua kidole tena, sikuhitaji hata kusema.

Ilipoisha nikampa ruhusa. Akasema bado haipendi, kinanda kimezidi, lakini wa sita ni mzuri na hakuna mwanamume angeuimba. Nikasema sasa hayo ni maneno ya mtu aliyesikiliza, na ninaweza kubishana nayo. Tukabishana mpaka giza likaingia. Tunabishana mpaka leo, mimi nikiwa kwenye kigoda changu karibu na mlango. Kuhusu Usevya huwa ananiuliza kila mwaka mavuno yakikaribia, na kila mwaka namwambia kwamba kitu kile bado ninacho.

Na wewe, albamu yoyote watu wanayoigombania ikikufikia, fanya hivi: laza simu kifudifudi mezani, anzia wimbo wa kwanza, na usiseme neno mpaka wa mwisho umalizike.