Jasho la Ilmo Rantakangas

Kijijini Koivuperä hakuna asiyejua kwamba Ilmo Rantakangas, fundi wa matrekta, alikuwa akifanya mazoezi kwa kukaa. Alikuwa na miaka hamsini na nane, tumbo lililomtangulia mlangoni, na nadharia. Kila jioni alipofunga karakana aliwasha jiko la sauna yake, kile kibanda cha magogo cha kujifukiza mvuke nyuma ya nyumba, akapanda ubao wa juu kabisa, akamwagia mawe ya moto ya jiko maji mpaka mvuke ukamuuma masikio, kisha akatulia tuli nusu saa nzima. Akishuka, mwekundu kama pilipili, alikwenda moja kwa moja kwenye mizani.

"Kilo moja na robo!" alimpigia kelele mkewe, Oili. "Mtu anakimbia hadi mjini na hatoi hivyo!"

"Na hiyo bia uliyoshika ina uzito gani?" Oili alimjibu kutoka jikoni.

"Jasho ni jasho, mama. Mwili haujui limetokea wapi."

Mngemwona mpuuzi, na mimi nilimwona hivyo, lakini alikuwa na sababu yake. Kwa miaka thelathini na mmoja Ilmo alikuwa katika kikosi cha zimamoto cha kujitolea, tena si wa kushika mpira wa maji. Alikuwa mmoja wa wale wanaoingia ndani kwenye moshi, barakoa usoni na mtungi wa hewa mgongoni. Nyumba ya mjane Vappu ilipoungua, ni yeye aliyembeba akatoka naye, na mpaka leo Vappu humletea mikate ya shayiri kila Krismasi. Koti lake lilitundikwa kwenye ndoano namba tatu, na hakuna aliyewahi kuigusa ndoano ile.

Ila kila Novemba wanaoingia kwenye moshi hupimwa. Unavaa vazi lote, unabeba mtungi, unapanda mashine ya kutembelea, nayo inainuka kidogo kidogo mpaka dakika kumi na nne zitimie. Ukishindwa, unabaki nje. Kwa Ilmo, nje ndipo wanaposimama watu waliokuja kutazama. Mwaka uliopita alimaliza kwa taabu, akatapika nyuma ya gari. Bila ndoano ile hakujua angekuwa nani, na aliogopa sana. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Alichowaambia watu ni nadharia.

"Umetembea hata kidogo mwaka huu?" Veijo, mkuu wa kikosi, alimuuliza Oktoba.

"Tangu Agosti nimetoa jasho lita sabini."

Veijo alikuna kidevu, akaenda zake. Huku kwetu mtu anaweza kuitukana serikali, kanisa na mama mkwe wake siku moja, na watu wakacheka. Lakini mtu wa kusimama mbele ya wanaume akasema sauna haisaidii kitu fulani, huyo hajazaliwa. Basi nadharia ya Ilmo ikazidi kunenepa bila kupingwa, na yeye pia.

Siku ya kipimo walipanda wawili wawili. Ilmo aliwekwa sambamba na Aliisa Kinnunen, mwalimu wa watoto wa chekechea, miaka ishirini na sita, mwenye kuteleza kilomita thelathini kwa skii juu ya theluji Jumapili na kurudi kuoka keki. Kreetta, mtaalamu wa mazoezi kutoka kituo cha afya, alisimama katikati na saa yake.

Kufikia dakika ya tatu Ilmo alikuwa amelowa. Jasho lilimtoka puani, kidevuni, masikioni. Akatazama pembeni: Aliisa alikuwa anang'aa kidogo tu kwenye paji la uso.

"Dada," Ilmo alisema akihema, "wewe hata hujaanza kazi."

"Ndiyo mzee," Aliisa alijibu. "Naona wewe umeshafika."

Dakika ya sita Ilmo alitaka kuongeza utani, pumzi ikakataa. Dakika ya nane ukuta ukaanza kusogea. Dakika ya tisa Kreetta aliitazama namba ya mapigo ya moyo wa Ilmo, akanyoosha mkono, akaizima mashine yake. Aliisa akaendelea mpaka kumi na nne, jasho likimdondoka sasa kama mvua, miguu ikienda vilevile kama mwanzo.

Walimvua Ilmo koti, wakamkalisha karibu na mlango, wakampa maji yenye chumvi kidogo. Akanywa. Kisha akasema, "Kuna kosa kwenye mashine yako, dada. Jasho langu uliliona."

"Nililiona, mzee wangu. Jasho lako ni la bingwa wa dunia, sijui kama kuna bora zaidi mkoa huu." Kreetta alichuchumaa mbele yake. "Ni miguu ambayo haijaja."

"Jasho ni jasho."

"Haya, niambie. Ukiwa sauna, joto linatoka wapi?"

"Si kwenye jiko?"

"Na ukipanda mlima na mtungi mgongoni?"

Ilmo alijifuta shingo kwa kiganja.

"Jiko unakuwa wewe," Kreetta alisema. "Misuli inachoma chakula, sehemu ndogo tu inakuwa mwendo, iliyobaki yote ni joto. Likibaki ndani unajipika. Kwa hiyo mwili unamwaga maji kwenye ngozi, yakikauka yanaondoka na joto. Jasho halina kazi nyingine. Ni maji ya kupozea tu, kama kwenye hayo matrekta yako. Wewe miezi mitatu umefundisha maji ya kupozea. Injini umeiacha imelala."

Angetumia mfano wowote mwingine, Ilmo angebishana. Wa trekta ulimwingia. "Kwa hiyo kazi ilikuwa inafanywa na jiko," alisema polepole.

"Jiko lako liko fiti sana," Kreetta alisema. "Na kwenye vazi hilo hata jasho halikauki, linamwagika bure. Ndiyo maana baada ya moshi tunawafungua makoti haraka."

Veijo alisubiri wiki nzima kabla ya kulitoa koti la Ilmo kwenye ndoano namba tatu. Alikuja nalo mwenyewe karakana, akaliweka juu ya meza, akanywa kahawa vikombe vitatu, wakazungumza habari za bei ya dizeli. Alipoondoka, Ilmo alikaa kwenye tairi akalia. Oili alimwona kupitia dirisha na hakuingia. Jioni ile Ilmo hakuwasha jiko la sauna, na Oili, aliyekuwa akilicheka kila siku, ndiye aliyekwenda kuliwasha.

Mwezi wa Januari, asubuhi, baridi ikiwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, nyumba ya mzee Armas ilijaa moshi. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta, na Armas alikuwa bado chumbani. Veijo na Aliisa wakaingia. Ilmo, ambaye sasa alikuwa mtu wa nje, alibaki uani, mpira wa maji mikononi, akihesabu dakika moyoni. Alijua ngazi ile ina vidato vingapi. Alijua mlango wa chumbani unafunguka kwa kusukumwa na bega.

Dakika kumi na moja baadaye walitoka na Armas, akikohoa, akilalamikia viatu vyake. Wengine wakamkimbilia mzee. Aliisa alipiga hatua tatu, akakaa kwenye theluji.

Ilmo alimkabidhi mwenzake mpira, akaenda. Alimvua barakoa na kofia, akamfungua koti kuanzia shingoni hadi chini, akalipanua pande zote mbili. Mvuke ukapanda kutoka kwenye shati la msichana yule, mwingi, mweupe, kama mlango wa sauna umefunguliwa. Akamshikia chupa ya maji anywe.

"Usifunge," alimwambia. "Liache jasho likauke."

Aliisa alinywa, akavuta pumzi, akatabasamu kwa midomo iliyopauka. "Umeona, mzee? Jasho ni jasho."

"Hapana, mwanangu," Ilmo alisema. "Hilo ni la kwako, si la jiko."

Alikaa kando yake mpaka mvuke ulipopungua, kisha akamfunika mabega kwa blanketi. Akavua glavu na kujipapasa paji la uso. Lilikuwa kavu.